Ndoo Iliyopangwa ni Mtu Aliyesimama

Mtu wa kwanza kunipigia filimbi maishani mwangu alikuwa jirani yangu, na alinipigia kwa sababu ya ndoo. Nilikuwa mgeni Buzebazeba, hapa Kigoma, nimehamia juzi tu na cherehani yangu na mume wangu, kuli wa bandarini. Asubuhi nikafika bombani, nikaona ndoo zimejipanga zenyewe, wenyewe hawapo. Nikasema moyoni, haya, bahati yangu, nikaiweka yangu mbele kabisa.

Prrrriii!

Akatokea mzee mwembamba, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, tai shingoni, kofia ya reli kichwani, filimbi mdomoni, bendera mbili kwapani. Akachomoa ile nyekundu akainyoosha mbele ya pua yangu.

"Binti, umekanyaga watu kumi na saba."

"Watu gani, Mzee? Mimi naona ndoo."

"Ndoo iliyopangwa ni mtu aliyesimama. Mkiani!"

Nikaenda mkiani. Wanawake waliokuwa wakichambua dagaa kivulini walinicheka mpaka wakashika mbavu. Ndivyo nilivyofahamiana na Gadi.

Jina alikuwa nalo, lakini sikumbuki kulisikia. Alikuwa gadi wa treni miaka mingi, yule mtu wa behewa la mwisho anayepuliza filimbi na kupunga bendera ndipo treni iondoke, na alipostaafu hakurudi kwao, alibaki hapa reli inapoishia. Sisi tulimwita Gadi, mke wake tukamwita Mama Gadi, na mbwa wao, aliyekuwa hatembei bila kuambiwa, tukamwita Behewa.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Walioishi hapa wanaijua: maboti yanashusha watu Kibirizi, malori yanapandisha watu kwenda makambini, magari meupe ya mashirika yanapita Mwanga vioo vimefungwa, na unga wa njano wa msaada unauzwa sokoni hadharani kama vile hakuna anayejua ulikotoka. Kodi za nyumba zilipaa. Maji yakawa ya kugombania. Shirika moja likatuonea huruma, likatuletea bomba mtaani, bomba moja la chuma lenye kufuli. Siku lilipofunguliwa, kabla mimi sijahamia, watu walipigana. Walipigana hasa, mama mmoja aliondoka na kilemba cha mwenzake mkononi. Katikati ya vurugu Gadi akapuliza filimbi yake, na watu kwa mazoea wakanyamaza, wakageuka kutazama treni inatokea wapi. Kabla hawajagundua kwamba treni haipo, alikwisha kuwapanga mstari. Tangu siku hiyo ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni kwake, chini ya tai.

Nani alimchagua? Hakuna. Nalisema mapema, maana baadaye lilikuja kutuponza.

Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza nimekwisha kuisema: ndoo iliyopangwa ni mtu aliyesimama, yaani ukiweka ndoo yako kwenye mstari unaweza kwenda zako sokoni au kwa mgonjwa, zamu yako ipo, na atakayeisogeza ndoo yako amekusukuma wewe. Ya pili: kila nyumba ndoo moja, ikijaa ondoka, ukitaka nyingine rudi mkiani. Hakujali nyumba ni ya nani. Shehe wa msikiti wa jirani alipanga, mke wa katekista alipanga, ofisa mmoja aliyehamishiwa hapa kutoka Dodoma alimtuma mtumishi na barua yenye mhuri, na barua ikapangwa mstarini juu ya jiwe, nyuma ya ndoo ya muuza ubuyu.

Alikuwa na falsafa yake ya reli, na aliihubiri mtu akitaka asitake. Alisema katika miaka yote aliyokaa kwenye behewa la mwisho, kitu kimoja tu alikiona kikigawiwa sawa kwa watu wote wa nchi hii, nacho ni kuchelewa.

"Daraja la kwanza lina godoro," alikuwa akisema, anahesabu kwa vidole. "La pili lina kiti. La tatu lina mbuzi na mwenye mbuzi. Lakini treni ikikwama Kaliua, wamekwama wote. Daraja la tatu hufika Kigoma saa ile ile, mama!"

"Wa daraja la kwanza anafika amelala," Mama Gadi alimjibu siku moja kutoka mstarini, "na wa la tatu anafika amekojolewa na mbuzi. Hiyo ndiyo saa ile ile?"

"Huyu mwanamke hajui siasa," Gadi akatuambia.

Huyo mwanamke, nasema mimi, ndiye aliyekuwa mtihani wake. Maana mzee wetu wa usawa, nyumbani kwake hakuna aliyeuona huo usawa. Samaki wa kuhe akipikwa, kichwa ni chake, kila siku, hata waje wageni. Nilimwuliza siku moja, kwa sababu mdomo wangu hauna breki: "Mzee, wewe unayetugawia maji kwa kipimo, kichwa cha samaki mbona hakipangiwi zamu?" Akanitazama bila aibu. "Kiongozi lazima aone mbele. Kichwa kina macho." Wala hakuwahi kubeba ndoo. Bomba alilinda yeye, maji alibeba mkewe. Na ole wake Mama Gadi akikosea! Siku moja aliondoka mstarini kwenda kuzima moto wa maharage bila kuacha ndoo. Aliporudi mumewe akamwinulia bendera nyekundu mbele yetu sote. Mkiani. Mama Gadi akaenda mkiani. Jioni tulisikia kwamba Gadi amekula karanga, jiko halikuwashwa.

Lakini mwache mtu apewe haki yake. Alizijua ndoo zetu kama mchungaji anavyojua ng'ombe. Ile ya bluu yenye kovu la moto ni ya muuza samaki wa migebuka. Ile iliyozibwa kwa lami ni ya fundi baiskeli. Yangu ilikuwa ya kijani, mkono wake nimeufunga kitambaa cha kitenge. Ukimpigia kelele kwamba fulani amebadilisha ndoo, alikuwa anainama, anaigeuza, anaitazama makalio, kisha anatoa hukumu, na hukumu haikuwahi kukosea.

Na kulikuwa na dumu la njano. Dumu la mafuta ya kula, lilikatwa mdomo likatiwa mkono wa waya. Lilikuwa la mwanamke wa Kirundi aliyepanga chumba cha uani nyumba niliyokaa mimi, yeye na watoto wake watatu. Tulimwita Mama Dumu. Kambini alikuwa ametoka bila kibali, kila mtu alijua na hakuna aliyesema, maana alikuwa anafua nguo za nusu ya mtaa na hakuna anayefukuza mtu anayemng'arishia shuka. Watu wa hapa walimsemesha Kiha, yeye akajibu Kirundi, wakaelewana na kucheka. Mimi mtu wa kuja ndiye niliyebaki natumbua macho. Mara ya kwanza alipokuja bombani, mwanamke mmoja alisema kwa sauti, mkimbizi ana kambi yake, maji haya ya wenyeji. Gadi akatoa filimbi mdomoni.

"Mimi kwenye treni nilikuwa naangalia tiketi," akasema, "siangalii kabila. Ana ndoo?"

"Ana dumu."

"Lina tundu?"

"Halina."

"Basi huyo ni abiria. Panga, mama."

"Ego, muzee," akasema Mama Dumu, ndiyo mzee, na akaliweka dumu lake chini kwa mikono miwili kama anaweka mtoto. Kwa kazi yake maji ya asubuhi yalikuwa ndiyo chakula. Akipata ndoo ya kwanza mapema, anafua, watoto wanakula. Akikosa, hawali.

Sasa nimlete Tajiri. Na yeye jina simtaji, tena hakuwa mtu mbaya, msiba wa mtu yeyote alitoa mchele na turubai. Alikuwa na nyumba sita nzuri alizowapangisha wageni wa mashirika, na wageni wa mashirika wanaoga. Wanaoga asubuhi, wanaoga jioni, Mungu wangu, tulishangaa wanachafukia wapi ndani ya magari yale. Tajiri akataka maji ya nyumba sita. Akamwendea Gadi kistaarabu. Gadi akamwambia: "Leta ndoo, panga." Tajiri akaleta gari lenye mapipa. Gadi akasimama katikati ya njia na bendera nyekundu, na dereva, kijana wa hapa hapa, alisimamisha gari, akazima na injini.

Tajiri hakupiga kelele. Alikwenda kwenye lile shirika akawauliza swali moja tu: yule mzee mliyemwachia bomba la wananchi, amechaguliwa na nani?

Swali lilikuwa zuri. Shirika likashtuka. Baada ya wiki tukaletewa kijana mmoja mwenye faili na miwani, akatuambia dunia imebadilika, vyama vingi vimekuja, hata bomba linatakiwa kuwa la kidemokrasia. Jumamosi saa tatu asubuhi tutachagua mwenyekiti wa bomba. Wagombea wawili, Gadi na Tajiri. Kila mwananchi atapanga mstari nyuma ya mtu anayemtaka, yeye atahesabu, basi.

"Watu wote sawa?" Gadi akauliza.

"Wote sawa kabisa, Mzee."

"Na yule mama wa Kirundi?"

Kijana akatazama faili, akatazama Mama Dumu, akakohoa. "Kama anatumia maji, ni mtumiaji."

"Safi," Gadi akasema. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Nyumba nyingi zilikuwa zetu sisi wa ndoo moja, na Tajiri alikuwa mmoja. Hesabu ya chekechea.

Ijumaa mchana Tajiri alikuja dukani kwangu Mwanga, kijibanda changu cha cherehani pembeni ya soko. Alitaka sare za walinzi wa nyumba zake, kumi na nane, suruali na mashati. Jamani, kumi na nane! Mimi wakati ule nilikuwa naishi kwa kuziba viraka na kupunguza sketi za watoto wa shule. Akapima kitambaa kwa kiganja, akasema polepole, "Fundi, kesho ukipanga, upange vizuri." Nilimwelewa. Hakuna mtu duniani angeshindwa kumwelewa. Nami, badala ya kuinama nikanyamaza, nikajitia ukubwa: "Tajiri, usiwe na shaka, nyumbani kwangu tuna ndoo tatu."

Tulikuwa na mbili, yangu na ya mume wangu.

Jumamosi asubuhi watu walifika bombani mapema, wakapanga. Saa tatu ikafika, kijana wa faili hakuonekana. Saa nne. Jua likaanza kuuma. Watu wana samaki wao wa kuuza, wana wagonjwa, wana vyungu jikoni. Sasa mtaa wetu ulikuwa na dawa ya kusubiri, dawa tuliyofundishwa na Gadi mwenyewe kwa filimbi. Mmoja akaweka ndoo yake nyuma ya Gadi, akaenda zake. Wa pili akaweka. Saa tano hapakuwa na watu, palikuwa na mistari miwili mirefu ya ndoo, mmoja nyuma ya Gadi aliyesimama wima na tai yake, mwingine nyuma ya Tajiri aliyekaa kwenye kiti cha kukunja. Na hapo ndipo mkokoteni wa Tajiri ulipokuja. Ulikuwa umejaa ndoo mpya, nyekundu, bado zina karatasi za dukani. Vijana wakazishusha moja moja, wakazipanga nyuma yake.

Mama Dumu alikuwa amenifuata alfajiri hiyo, tenga la nguo kichwani. Ana shuka za watu, hawezi kusubiri. Akanipa dumu lake. "Fundi, nipangie kwa muzee wa firimbi." Nikamwambia haya, mama, nenda.

Saa tano hiyo nilikwenda bombani na ndoo zangu mbili na dumu la njano. Mtu wa Tajiri alikuwa amesimama pale, mkono kiunoni, ananitazama. Nikaweka ndoo ya kwanza nyuma ya Tajiri. Nikaweka ya pili. Yule mtu bado ananitazama, anasubiri ya tatu niliyoitangaza kwa mdomo wangu huu. Nikaliweka dumu. Mikono yangu yenyewe ililiweka, sitamsingizia shetani. Kisha nikakimbilia Mwanga, na nikiwa njiani nilijiambia, dumu moja kitu gani, Gadi atashinda tu. Lakini roho haikutulia, nikarudi mbio.

Nilimkuta kijana wa faili amefika, ameshika kiuno.

"Watu wako wapi?"

"Hawa hapa," Gadi akasema, akaonyesha ndoo.

"Mzee, hizi ni ndoo."

"Ndoo iliyopangwa ni mtu aliyesimama. Ndiyo sheria ya hapa, uliza mtaa mzima."

Wachache tuliokuwepo tukaitikia, ndivyo. Kijana akatazama saa, alikuwa na mkutano mwingine Ujiji saa sita. Akasema kama ndiyo mila ya wenyeji, haina neno. Hapo hapo bibi mmoja muuza mawese akaruka. "Hizo nyekundu hazijawahi hata kuona maji! Gadi, sema kitu! Zitoe!"

Gadi aliutazama mstari wa Tajiri, zile ndoo mpya zinang'aa. Nilimwona akishika ufunguo chini ya tai. Neno moja tu lingetosha. Angesema, leo tunahesabu vichwa, nendeni mkaite watu. Lakini alikuwa amempeleka mkiani hata mke wake kwa sheria hiyo.

"Mtoto aliyezaliwa jana," akasema, "naye ni mtu. Hesabu."

Wakahesabu pamoja, Gadi anaonyesha kwa bendera, kijana anaandika. Mstari wa Gadi, sitini na tatu. Wakaja wa Tajiri. Gadi akafika kwenye ndoo yangu ya kijani, akahesabu. Akahesabu ya pili. Akafika kwenye dumu la njano, bendera ikasimama hewani. Alilitazama lile dumu, kisha akaniangalia mimi. Nikatazama viatu vyangu. Kisha nikasikia sauti yake inaendelea, ile ile, haikupanda wala kushuka. Mwisho ikasema, "Sitini na nne."

Kijana akapiga picha ya ndoo, akaandika kwamba mahudhurio yalikuwa makubwa, akaondoka. Gadi akavua ufunguo, akampa Tajiri kwa mikono miwili. Kisha akachukua ndoo kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaenda kusimama mkiani. "Nimepinduliwa na plastiki," akasema.

Tulicheka wiki nzima. Ni kweli tulicheka, mtaa mzima, kila ukikutana na mtu unamwuliza, ndoo yako haijambo, imempigia nani kura? Kicheko kilikauka taratibu. Tajiri alifuta ile sheria ya ndoo moja. Alisema demokrasia ni uhuru, kila mtu alete ndoo zake kwa uwezo wake. Basi mkokoteni ukaja alfajiri na madumu arobaini ya wageni wanaooga, na sisi zamu yetu ikawa inaanza jua la utosi. Gadi, mkiani na ndoo yake, alifanya hesabu upya, akaniambia bila ugomvi: "Fundi, mimi nilikosea hapa. Watu wakiwa na ndoo sawa, ukihesabu ndoo umehesabu watu. Siku ndoo zikizidiana, unahesabu matajiri." Nilimjibu ndiyo Mzee, huku nina uzi wa sare za walinzi umening'inia begani.

Mama Dumu alianza kwenda ziwani kuchota. Ni mbali, na akirudi jua limeshapanda, nguo hazikauki, wenye nguo wananung'unika. Mmoja akamwacha, wa pili akamwacha. Hakuwahi kuniuliza dumu lake nililipanga wapi. Hilo ndilo lililoniua, kwamba hakuuliza. Nilimshonea watoto wake magauni kwa vipande vya zile sare, akanishukuru, nikalia chooni. Baada ya miezi kadhaa akasema kambini angalau kuna maji. Asubuhi ya kuondoka, lori linanguruma barabarani, akaniwekea dumu mlangoni. Kule watampa jipya.

"Nipangie, Fundi," akasema, anacheka. "Nikirudi nikute zamu yangu."

Sikumwona tena.

Tajiri alichoka na bomba mwenyewe. Mashirika yalipoanza kuondoka, nyumba zake zikabaki tupu na popo, akamrudishia Gadi ufunguo akiwa amejifunga msuli tu, wakanywa kahawa. Mimi zile sare ziliniinua. Kutoka walinzi wa Tajiri nikashona za shule, nikaongeza cherehani, nikajenga, nikavuta maji mpaka uani kwangu. Dumu la njano nililipandia vitunguu majani, likakaa chini ya bomba langu miaka na miaka. Kila nilipomwagilia nilikuwa naliona.

Miaka ikapita, na mwaka mmoja maboti yalikuwa yameanza tena kushusha watu. Gadi aliniita. Ameshakuwa mzee hasa, miguu imevimba, anashinda barazani kwake anakoliona bomba la mtaa, ambalo bado lipo kwa ajili ya wasiojiweza kuvuta lao. Alikuwa anasimamisha bodaboda. Wakipita kwa fujo anawainulia bendera nyekundu, nao kwa heshima wanasimama. Taabu ni kwamba ile bendera ya kijani, ya kuruhusu, ilikuwa imeoza, kwa hiyo hawajui waondoke lini, na mara nyingi ulizikuta pikipiki tano zimesimama barazani kwa mzee, vijana wamekata tamaa, Mama Gadi anawaambia nendeni wanangu, nendeni tu. Aliniagiza nimshonee ya kijani.

Niliipeleka mchana. Shikamoo, marahaba, akaikunjua, akaikagua mishono kama alivyokuwa akikagua ndoo. Nikaona nikiondoka leo bila kusema, mmoja wetu atakufa nalo.

"Mzee, siku ile ya uchaguzi. Lile dumu la njano. Mwenyewe aliniambia nilipange kwako."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nazijua ndoo zenu zote, nitashindwa kujua dumu moja tu la njano la mtaa mzima? Yule mama kwa Tajiri angefuata nini?"

"Sasa kwa nini hukusema! Ungeshinda!"

Akashangaa, akashangaa kweli, kama nimemwambia apande treni bila tiketi. "Fundi, kura ni siri."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Ndipo sauti ikatoka ndani kwa Mama Gadi.

"Mwulize na ndoo yangu aliipanga kwa idhini ya nani! Mimi nilikuwa namtaka Tajiri, apumzike na lile lifilimbi lake!"

Gadi akatazama bendera. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikosa falsafa ya reli. "Tulikuwa wezi wawili," akaniambia kwa sauti ndogo. Halafu akakumbuka kazi yake, akajiweka sawa tai. "Dumu liko wapi?"

"Kwangu. Nimepandia vitunguu."

"Umempandia mtu vitunguu kwenye zamu yake?" Akachukua ile nyekundu, akainyoosha mbele ya pua yangu. "Mkiani."

Kesho yake asubuhi nikang'oa vitunguu, nikamwaga udongo, nikalisugua dumu kwa mchanga mpaka rangi ikarudi. Nikaweka ngata kichwani, nikajitwika dumu, nikaenda bomba la mtaa, mimi mwenye bomba uani. Watu walinishangaa. Mmoja aliniambia, Mama Fundi, weka dumu ukae kivulini, tutakuangalizia. Nikakataa. Nilisimama mwenyewe, kwa miguu yangu, jua linaniunguza utosi, saa nzima na zaidi.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Mwanamke kijana, mtoto mgongoni, ndoo ndogo mkononi, mguu bado una matope ya ziwa. Akauliza kwa lafudhi ile ile.

"Mama, wa mwisho ni weye?"

"Wa mwisho ni mimi. Wewe pita mbele yangu."

Akasita, akatazama watu. "Siyo zamu yangu."

"Ni yako. Niliachiwa niitunze. Pita."

Akapita. Filimbi ikalia kutoka barazani, prrrriii, na mstari mzima ukageuka, maana mzee wetu alikuwa hajawahi kuruhusu mtu aruke foleni hata akiwa anazaa. Niliogopa kutazama. Nilipotazama, alikuwa amesimama kwa ile miguu yake mibovu, Mama Gadi amemshika kiuno, mkono wake uko juu kabisa, na bendera ilikuwa ya kijani.